Firigisi ya Mjomba

Jumamosi, katika mkahawa wa Kireno pale Jumeirah Lake Towers, Dubai, kijana Mkenya, mlinzi, alikuwa amemwalika mjomba wa mchumba wake, amwombe ridhaa ya kuoa. Kuku wa pilipili akaletwa. Mjomba akampekua kwa uma, kisha akaisukuma sahani.

“Firigisi iko wapi?”

“Hapa hawaweki, mjomba.”

“Kwetu mgeni wa heshima asipopewa firigisi, hajakaribishwa. Nitamwambia nini dada yangu?”

Mhudumu aliwasikia, akarudi na bakuli zima la firigisi za mchuzi. Kumbe Wareno nao huzipika, ila wao humpa yeyote anayeagiza.

Mjomba alilitazama bakuli. “Harusi iwe Desemba.”

Kijana, kwa furaha, akanyoosha uma wake. Mjomba akalifunika bakuli kwa kiganja.

“Oa kwanza.”