Nilivyojitwalia Mfongo Darasani

Siku ile darasani tulikuwepo mwalimu wa historia, watoto wote wa darasa la tatu, akiwemo mdogo wangu wa mwisho, mzee anayesimamia mfongo wetu wa maji, na mimi. Mimi nilikwenda kama mzee wa ukoo. Nilikuwa na miaka ishirini.

Mtaala ulikuwa umebadilika na vitabu vipya vilikuwa havijafika. Mwalimu huyu alinifundisha hata mimi, kabla sijaacha shule darasa la sita ili niwalee wadogo zangu. Daftari lake la maandalio lilikuwa limejaa habari za Wazungu wa zamani waliokuja kuutazama mlima wetu. Sasa ameambiwa aanzie nyumbani kwa mtoto, na humo daftarini hamkuwa na nyumba ya mtu yeyote. Akawaagiza wanafunzi walete mzee wa kusimulia kitu kilicho jirani na shule.

"Dada, wenzangu wana babu," mdogo wangu aliniambia. "Usiniaibishe."

Wazazi wetu walifariki kabla hawajatusimulia mengi. Nilikumbuka tu majigambo ya baba tukisafisha mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba yetu: kwamba ulichimbwa na babu yake. Basi nikasimulia. Alichimba peke yake, kwa mti uliochongwa ncha. Nilipoona macho ya mdogo wangu yanang'aa, nikaongeza chui. Mwalimu akaandika ubaoni, watoto wakanakili.

Mzee wa mfongo, aliyeletwa na mjukuu wake, akaninyooshea fimbo.

"Mjukuu wangu, huyo chui ni wa babu yako au ni wa kwako?"

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Mfongo ulichimbwa na ukoo wetu. Huyo unayemsema alihamia kutoka Masama, akakuta umefika nusu. Tena alikuwa mvivu."

Darasa likacheka. Mdogo wangu akainama mpaka paji la uso likagusa daftari.

"Lakini zamu ya maji mnayo hadi leo," mzee akaendelea, "kwa sababu ya mke wake. Wachimbaji waligoma walipofika kwenye mwamba. Yeye akawapikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Wakanywa, wakarudi kazini. Wazee wakasema mama huyu asikose maji."

Akalitaja jina lake. Sikuwahi kulisikia. Mdogo wangu aliinua kichwa, akaomba litajwe tena, polepole, aandike.

Mwalimu alikuwa ameshashika kifutio. Akakiweka chini.

"Mtaala unataka walinganishe simulizi mbili," alisema. "Wiki nzima nawaza ya pili nitaitoa wapi."

"Na chui, mwalimu?" mtoto mmoja akauliza.

"Chui tumfute."

Nje, mzee alinikumbusha kanuni yao: anayejitwalia mfongo wa wenzake hupika debe la mbege, na wenye mfongo wote hunywa. "Upike kama bibi yako," akasema, kana kwamba nilimwona akipika.

Ulezi ninao. Ndizi nimezipandisha darini ziive, bado ngumu. Mdogo wangu ameandika jina la bibi kwenye jalada la daftari, juu ya jina lake mwenyewe. Na mzee, kila asubuhi akipita, huniuliza hali ya ndizi kabla ya hali ya nyumbani.