Mama Alipopanguswa kwa Maji

Juzi, hospitalini, nilimwona mwanafunzi wa uuguzi akimpangusa mgonjwa kwa kitambaa chenye maji, nikakumbuka mchana mmoja kule Iguguno, enzi za Mwingereza, nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi.

Mama alikuwa amelazwa zahanati, mwili unachemka kwa homa, hajitambui. Chumba kilinuka dawa na sabuni. Nesi, binti wa Kinyiramba aliyevaa gauni jeupe, alileta beseni akaanza kumpangusa usoni, mikononi na kwapani, polepole, akimfunika vizuri kila alipomaliza. Mimi nilikuwa nimemwona bibi akioshwa hivyo siku ya kuzikwa. Nikaangua kilio.

"Unalia nini, mdogo wangu?"

"Unamwosha akazikwe, dada."

Hakucheka. Alinivuta karibu, akaweka kiganja changu juu ya paji la uso wa mama.

"Moto huu ndio ninaoutoa. Kamua kitambaa, tusaidiane."

Leo najua kwamba hilo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo wanayofundishwa wauguzi. Siku ile nilimtazama kama mtu aliyepewa uwezo ambao wengine hatuna. Tulipangusa mpaka jua likaanza kuinama, na mama akafumbua macho, akanitazama.

"Mbuzi umemwachia nani?" akauliza.