Jeki ya Mtambo wa Makombora

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Riyadh, mwanangu, kabla sijahamia hapa Jeddah na kuota mvi. Tulikuwa tunapaka rangi mitambo ya kurushia makombora ya zamani, ipelekwe kwenye maonyesho. Ilikuwa matrela marefu, kila moja na mkono wa chuma wa kusimamishia kombora. Makombora yenyewe mafi, hayapo, yalishaondolewa.

Mzee Shaibu, mtu wa Tanga, alilala chini ya mkono mmojawapo akipaka rangi. Mimi kazi yangu jeki iliyoushikilia. Ilikuwa inavuja mafuta, kwa hiyo kila baada ya muda kidogo ilibidi niipige pampu, mkono usishuke. Desturi yetu ilikuwa hivi: wa chini huita, "Upo?" na wa jeki hujibu, "Nipo!"

Basi, ujana tena! Nikachoka kusimama, nikajilaza kwenye trela la pili, pale pale kombora lilipokuwa likilazwa. Ukungu ulikuwa mweupe, mbingu imeshuka karibu kama chandarua. Nikajiona narushwa polepole, navuka Bahari ya Shamu, natua Taveta uani kwa mama, naye anapepeta mchele wala hashtuki. Wallahi, ilikuwa tamu!

"Upo?"

"Nipo!" nikajibu, macho nimeyafumba.

Mara nikasikia bati likikunjika. Nikatoka mbio. Mkono ulikuwa umelalia kopo la rangi, na Mzee Shaibu amebanwa ovaroli begani, hawezi kusogea. Nilipiga pampu huku nalia. Akajivuta nje, akakaa mchangani, ndevu zimejaa rangi ya kijani.

"Ungeninyamazia, ningetoka mwenyewe," akasema taratibu. "Lile jibu lako ndilo lililonilaza pale. Nina watoto watano, kijana."

Hakunisemea kwa bosi. Ila hakulala tena chini ya jeki ninayoishika mimi, na hilo liliniuma kuliko kurudishwa nyumbani.

Mwanangu, kuota si dhambi. Hata mimi na uzee huu bado naota. Lakini mtu akikukabidhi uhai wake, usimpe jibu la kumridhisha tu. Umechoka, sema umechoka. Umeondoka, sema umeondoka, naye ajiokoe. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea miaka mingi, na hajaacha kulia.

Haya, yalla, nenda kazini. Mungu akutangulie, na kila anayekutegemea aione jioni akiwa mzima.