Vidonda vilivyofutika bosi alipoingia

Leo koo langu limepona ghafla bila dawa.

Hapa Dodoma, daktari kijana, binti, aliniingizia kamera kooni kutafuta chanzo cha kiungulia changu.

"Babu, una vidonda. Utahitaji dawa kali."

Akaingia bosi wake, mzoefu, mwenye mvi.

"Shikamoo, daktari," binti akamsalimu.

"Marahaba." Akaitupia jicho skrini. "Vidonda viko wapi? Wekundu tu huo, hauhitaji dawa."

"Kweli, wekundu tu," binti akajibu upesi.

Picha ni ileile! Nami nina mpira wa kamera mdomoni, siwezi kubisha.

Makubaliano ya haraka huniogofya. Zamani tulihamishwa kutoka kwetu, karibu na Haneti, baada ya mkutano ambao wote tuliitikia "ndiyo" kabla kiongozi hajamaliza kusema. Sijarudi kuishi kule.

Bosi alipotoka na mpira ukatolewa, nikamwuliza binti, "Mjukuu wangu, wewe unaona nini?"

Akatazama mlango. "Bado naona vidonda, babu. Ila yeye ameona makoo mengi kuliko mimi."

"Basi mwite, umwonyeshe vilipo."

"Babu jamani! Nitaanzaje?"

Nimerudi nyumbani bila dawa, kifua kinawaka.

Ninyi mngemwamini yupi?