Pweza Mwekundu wa Soko la Wajapani

Jumamosi iliyopita nilipita tena kwenye lile soko la Wajapani, kaskazini ya Dallas. Wamepaka rangi mpya, na mzee aliyekuwa akikata samaki hayupo tena. Lakini harufu ya vibua wa kuchoma ilinipokea mlangoni, nikasimama na kikapu changu kama mjinga, watu wananipita huku na huku. Basi ngoja nikusimulie, maana jambo hili nimekaa nalo sana.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Euless, mji mdogo karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, ndege zikipita juu ya fleti yetu mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Baba aliendesha basi la abiria wa uwanjani, mama akihudumia wagonjwa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa ameletwa kutoka Unguja aje akae nasi, na miezi miwili mizima alikuwa hali. Atachota wali matonge mawili, aseme alhamdulillahi, asukume sahani. Kuku wa huku, alisema, ni kama kutafuna pamba. Akakonda tunamwona. Nikawasikia baba na mama wakizungumza jikoni: asipokula mpaka mwezi uishe, arudishwe kwao. Nami sikutaka kabisa. Kabla hajaja, nikitoka skuli nilikuwa najifungulia mlango mwenyewe na kukaa peke yangu na televisheni mpaka magharibi.

Mwenzake baba kazini ndiye aliyemwambia, ukitaka samaki wa kweli nenda kwa Wajapani. Tukapanda gari sote wanne.

Bibi aliposimama mbele ya ile barafu, samaki wazima wamelala na macho yao, alifungua kibua mmoja shavu kwa kidole kutazama kama ndani mwekundu. Mzee muuzaji akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, akamfungulia mwengine mzuri zaidi. Lugha hawakuwa nayo hata neno moja, na walielewana kuliko mimi na mwalimu wangu.

Tukakaa pembeni wanakouza chakula, tukaletewa kibua wa kuchoma kwa chumvi na wali mweupe. Wenzetu wa meza za jirani walikula kwa vijiti. Bibi alinawa, akala kwa mkono, akafyonza mpaka kichwa. Pale pale walikuwa wanauza matonge ya wali yaliyofungwa mwani. Alilishika moja, akaligeuzageuza.

"Kumbe watu wanakula mwani," alisema. "Sisi tunaulima, tunautia magunia, hatuujui ladha."

Akala mawili. Baba alijifanya anatafuta kitu mfukoni, lakini mimi nilimwona anafuta macho.

Tulipokuwa tunatoka bibi akamwona pweza. Hapo nikuambie, bibi yangu kwao alikuwa mtu wa pweza. Harusi ya mtaa mzima, akifuatwa yeye aje kusimamia sufuria ya pweza wa nazi. Alimwinua yule katika plastiki yake, uso wote umefunguka, na mimi sijawahi kumwona hivyo tangu afike.

"Mbona mwekundu hivi?"

Baba na mama walikuwa mbele. Nilisoma karatasi iliyobandikwa, nikaona imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ameshachemshwa. Nikajua nikimwambia atamrudisha kwenye barafu. Nikamwambia, "Pweza wa Kijapani ndivyo walivyo, bibi."

Jioni ile alimpiga. Wewe unajua, pweza bila kipigo haliki. Akashuka naye kwenye saruji ya kuegeshea magari, akampigiza kwa nguvu zake zote, mpaka jirani wa chini, mama wa Kikongo, akatoka mbio.

"Mama, unapiga nani vile?"

Bibi alimwonyesha, wakacheka, na mama yule akakaa ngazini kutazama. Nami nilisimama pembeni na siri yangu tumboni. Kisha akamchemsha, akamtia tui, ndimu na pilipili, nyumba nzima ikanukia Unguja.

Pweza aliyechemshwa mara mbili alikuwa mgumu kama kandambili. Baba akasema, mtamu, mama. Mama akasema, mtamu sana. Mimi nikaomba kuongezwa. Lakini mpishi huwezi kumdanganya kwa chakula chake. Alitafuna, akaweka tonge chini, akautazama mkono wake wa kulia.

"Mkono wangu umekufa," akasema.

Tangu siku ile hakushika mwiko. Kula alikula, kila Jumamosi tulimpeleka kwa mzee wa samaki na akanawiri, akakaa nasi mwaka mzima. Kwa hilo nilipata nilichokitaka. Lakini mama akimbembeleza apike, jibu lake lilikuwa moja: mtu aliyeishiwa mkono asiwaharibie watu chakula. Akarudi kwao, na huko nako harusi zikaja, akafuatwa, akakataa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipopata ujasiri wa kumwambia, kwa simu, kwao ikiwa asubuhi. Nilikuwa nalia. Nilimweleza yote, karatasi, barafu, ule uongo wangu.

"Miaka saba," alisema. Kisha akauliza, pole pole, "Kwa hiyo alikuwa ameshachemshwa, na mimi nikampiga?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Akacheka, lakini si cheko la kunifurahisha. Akaniambia amenisamehe zamani kabla sijaomba, kisha akanitaka nikate simu, ana shughuli. Shangazi alitusimulia baadaye: alimwita mke wa ami akamtuma sokoni pweza, na asubuhi ile ile jiko likawaka.

Alipika tena miaka miwili. Walikula majirani, walikula watu wa harusi nisiowajua hata majina. Kila nikipiga simu aliniambia njoo ule, nami nikasema nikimaliza mitihani, nikipata kazi, nikipata likizo. Nilifika Unguja siku ya arobaini yake. Wakanipakulia pilau.