Unga chini ya kitufe

"Usifute! Sauti ya marehemu bwana yangu iko mule!"

"Mama, kila nikiiwasha simu hii inaingia rikaveri tu. Nifanye namna gani?"

Kwenye ule ukurasa mweusi wa kurekebishia simu, fundi alikuwa amefika kwenye neno la kufuta kila kitu. Mama akamshika mkono. Fundi akashusha pumzi, akafungua kifuniko. Unga wa muhogo ulikuwa umeganda chini ya kitufe cha kuongezea sauti. Kikibanwa wakati wa kuwasha, simu huingia huko yenyewe. Akausugua kwa mswaki. Simu ikawaka, mama akabonyeza rekodi, na marehemu mumewe akasikika akicheka.

Hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita, mama zetu walificha vya thamani ndani ya unga. Mikono haisomi habari za amani.

"Usiifiche tena ndani ya unga, mama. Vita ilishaisha."

Mama akageuka mlangoni: "Na waasi wakirudi, utanifichia wewe?"