Mshindi wa Mizani

Mdogo wangu alikufa kwa kisukari ambacho hakuna aliyejua anacho, na kwa miezi miwili nilikuwa nikimsifu kwa dalili zake. Nalisema hili mapema nisije nikajipendelea.

Chama chetu cha wanawake hukutana nyumbani kwangu Ngoingwa, kila baada ya wiki mbili, Jumapili tukitoka kanisani. Mwaka jana tuliamua kupunguza mwili pamoja. Kabla ya chai, kila mtu alipanda mizani. Tulivua viatu, sweta, hata hereni. Mimi niliacha chapati na sukari, nikawa natembea hadi mjini na kurudi, na mizani ikanikatalia palepale.

Mdogo wangu alikuja kutoka Mugutha, akapanda, akawa amepungua kilo tatu. Mkutano uliofuata, tatu tena. Kisha akaketi akala chapati nne mbele yangu.

"Aki wewe, si utuambie siri," nilimwambia. Nilicheka, lakini wivu ulikuwa umenishika.

"Hakuna siri, dada. Nakula hata kukushinda, alafu bado nakonda. Ni hii kiu tu inanisumbua."

"Basi maji ndiyo siri yako."

Nikawaambia wote wanywe maji. Tulipompa zawadi ya mshindi, leso mpya, aliipokea akiwa ameketi. Nikamtania kwamba urembo umemfanya mvivu. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Jumatano iliyofuata mumewe akanipigia simu: mdogo wangu anatapika, na anahema kama mtu aliyetoka mbioni. Tulimkimbiza hospitalini Thika. Daktari, kijana mpole, alinieleza polepole. Mwili wake ulikuwa umeishiwa insulini, kwa hivyo sukari ilijaa kwenye damu bila kutumika. Alikuwa akila, na mwili unakufa njaa. Ukaanza kuchoma mafuta yake wenyewe bila kupumzika, na mabaki ya kuchoma huko yakaitia damu asidi.

Aliaga dunia Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimeshika mkono wake, mwembamba kiasi kwamba vidole vyangu viliuzunguka vikapitana.

Daktari alikuwa akijaza fomu. "Hakuna mtu nyumbani aliona vile anakonda?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba tuliona sote, tena kila mara alipopungua tulimpigia makofi.